Alama Ishirini na Moja

Mke wa Greda hakuwa mtu wa kusoma magazeti. Alisoma nguo. Miaka ishirini na miwili ya kufua nguo za watu ilikuwa imemfundisha kwamba mdomo husema chochote unachotaka, lakini kola, kwapa na mfuko havijui kudanganya. Pale kwenye meza yake ya kupokelea nguo aliwahi kujua ni karani gani amefukuzwa kazi kabla mke wa karani hajajua, na ni mwalimu gani wa hesabu amerudia sigara. Hakusema. Dobi mwenye mdomo hapati wateja. Ila kujua alijua, na raha ya kujua hakuionea haya hata kidogo.

Basi Ijumaa moja asubuhi alipoitoa suruali ya mumewe kwenye kapu na kuona tone la rangi ya pinki karibu na goti, hakuitia majini. Aliipeleka dirishani. Akalikwaruza lile tone kwa ukucha. Lilikuwa gumu, linang'aa. Akanusa. Harufu kali ikampanda puani, na yeye harufu ile aliijua vizuri, ni ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema peke yake. Methali hiyo alikuwa ameisikia tangu utotoni, lakini hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa inamsema yeye na kazi yake.

Mfukoni alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mumewe, ule wa herufi kubwa kubwa. Ndoo, tausi, msumari, chungwa, barua. Na chini yake: Alhamisi saa kumi, usisahau.

Wasiomjua Greda kwa mpira walimjua kwa shingo. Alikuwa ameichezea timu ya taifa ya raga mechi arobaini na moja, na zote alicheza mahali pamoja: katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale wanaume wanane wanapoinama na kusukumana na wanane wengine kama watu wanaogombea kuingia mlango mmoja. Yeye ndiye aliyening'inia mabegani mwa wenzake akiuvuta mpira kwa kisigino. Yeye pia ndiye aliyeurusha mpira ukitoka pembeni, na hapo ndipo ilipokuwa akili ya kazi yake, kwa sababu urushaji ule una siri. Linatajwa neno moja, na neno hilo linamwambia kila mwenzako mpira unakwenda kwa nani. Wapinzani husikia neno, lakini maana hawaijui.

Alistaafu miaka kumi na mitano iliyopita. Tangu hapo alifundisha michezo katika shule ya sekondari, akafuga kitambi kidogo, akasubiri chama cha raga kimkumbuke. Mwezi uliopita kilimkumbuka. Barua ilisema anatakiwa awe kocha wa skramu wa timu ya taifa katika ziara ya wiki saba nje ya nchi, ila kwanza apimwe na daktari wa chama, kama ilivyokuwa sharti kwa kila kocha aliyewahi kucheza. Siku ile Greda alicheza ngoma sebuleni, na mkewe akacheza naye.

Sasa alikuwa anaitazama ile barua kwa jicho lingine. Wiki saba ugenini. Mwenye kucha za pinki labda pasipoti anayo tayari.

Akaanza kukusanya mambo. Simu ikilia, Greda alitoka nje kuipokea. Akiulizwa jana alikuwa wapi, alicheka kwanza ndipo akajibu, na jibu lenyewe lilikuwa la jumla jumla. Wiki iliyopita alirudi na mkate, na kesho yake na mkate, na siku ya tatu na mkate, kama mtu anayetaka aonekane ametoka dukani. Tena siku hizi hakumwita mkewe kwa jina lake.

“Anakuitaje?” aliuliza mpiga pasi wake, mwanamke mnene mwenye maoni juu ya kila ndoa isipokuwa yake, ambayo ilivunjika.

“Mama watoto.”

Mpiga pasi aliisimamisha pasi wima. “Dada, mwanaume akiacha jina lako akashika ‘mama watoto’, ujue anaogopa kuchanganya majina.”

“Na maneno haya? Ndoo, tausi?”

“Si ndiyo lugha yao. Ndoo ni mahali, tausi ni yeye mwenyewe. Msumari sisemi.”

Wakacheka wote wawili, lakini mke wa Greda kicheko hakikufika tumboni.

Alhamisi iliyofuata alifunga dobi saa tisa na nusu, akajifunga mtandio wa kuazima na kumfuata mumewe. Kumfuata Greda si kazi. Shingo ile huonekana kutoka ng'ambo ya barabara tatu. Alitembea polepole, mikono mfukoni. Kwenye njia panda ya kwanza alisimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akageuka nyuma, na mkewe akajibanza haraka nyuma ya kibanda cha kuuza vocha. Kisha Greda akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, ndipo akakata kushoto.

Mtu mwenye dhamira safi hageuki geuki hivyo, alijiambia. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira mlikuwa na ushindi mdogo wenye uchungu, kama wa mtu aliyesema mvua itanyesha kisha akalowa.

Greda aliingia duka la rangi. Mkewe alilijua, lilikuwa la Winga, rafiki wa mumewe aliyecheza naye miaka yote ile, mwembamba, mwepesi, ambaye mpaka leo hupanda ngazi mbili mbili. Aha, kumbe na Winga yumo. Aliingia kimya kimya, akapita kwenye rafu za makopo na mashine ya kuchanganyia rangi, akafuata sauti mpaka stoo ya nyuma. Harufu ilimpokea mlangoni: thina ya kuyeyushia rangi. Ile ile ya suruali.

“Tena,” Winga alikuwa anasema. “Anza mwanzo.”

“Ndoo. Tausi. Msumari.” Kimya. “Ngoja, usiniambie.”

“Sijasema kitu.”

“Ni tunda.”

“Ni tunda, ndiyo.”

“Papai.”

“Papai hatujawahi kuwa nalo, Greda. Tangu wiki ya kwanza hatujawahi kuwa na papai.”

Mke wa Greda alichungulia. Mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo kubwa ya rangi, magoti yamefika kifuani, amefumba macho kama mtoto anayeulizwa jedwali la saba. Michirizi ya pinki ilikuwa imeteremka ubavuni mwa ile ndoo mpaka sakafuni. Winga alisimama mbele yake na kipande cha karatasi. Mwanamke mwingine hakuwepo, labda yule aliyechorwa kwenye kalenda.

Winga ndiye aliyemwona kwanza. “Shemeji.”

Greda alifumbua macho. “Umenifuata?”

“Nimekuja kununua rangi.”

“Rangi gani?”

“Ya pinki,” alisema, na hapo hapo machozi yakamtoka.

Ikabidi waeleze. Kipimo cha daktari wa chama kilikuwa cha kumbukumbu: unatajiwa maneno matano, unayarudia, halafu unaulizwa tena baadaye. Winga alikuwa amepata karatasi ya zamani yenye maneno hayo. “Mimi na mitihani hatujawahi kupatana, mama watoto,” Greda alisema huku akiangalia viatu vyake. “Sitaki kuaibika mbele ya daktari, basi. Ningekuambia ungenicheka.” Na kweli alimcheka, alimcheka mpaka akashika rafu, kwa sababu furaha ilimzidi. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, jambo ambalo majirani walilijadili kwa siku mbili.

Lakini kushuku ni tabia, na tabia haina likizo. Jumatatu, alipokuwa anabandika namba kwenye mashati ya watu wa benki, sentensi moja ilimrudia. Mimi na mitihani hatujawahi kupatana. Tangu lini? Walipooana, kabla hajapata duka, alipiga pasi nguo za watu mezani pa kulia chakula, na Greda alikaa mbele yake akijifunza maneno ya kurushia mpira. Yalikuwa zaidi ya hamsini, na kila mechi yalibadilishwa. Yeye ndiye aliyeshika daftari na kumwuliza, akiyaruka ruka ili amkamate. Hakuwahi kumkamata. Mtu yule leo anahangaika na chungwa kwa wiki nne?

Hakumwambia mpiga pasi. Hili halikuwa la kuchekea.

Siku ya kipimo Winga aliwapeleka kwa gari lake. Ofisi ya chama ilikuwa ghorofa ya pili, vikombe vya ushindi vimejaa vumbi ndani ya kabati la kioo. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu na jalada la kahawia mbele yake. Alisema mgonjwa huingia peke yake.

“Si mgonjwa,” alisema mke wa Greda, na kiti akawa amekwisha kukivuta. “Na mimi ndiye ninayemfulia. Nitakaa.”

Daktari alimtazama, akaamua kutobishana. “Kocha, nitakutajia maneno matano. Daraja, kuku, sabuni, kisu, mlango.”

Mkewe aliuona uso wa Greda ukitafuta ndoo na tausi na kutoviona. Maneno yalikuwa mengine. Greda alirudia matatu, mara ya pili mawili. Alipoambiwa ataje miezi kinyumenyume, alianza kwa nguvu, Desemba, Novemba, Oktoba, akaruka Septemba, akasimama Julai kama gari lililoishiwa mafuta. Yalifuata maswali ya tarakimu, kisha ya kusimama kwa mguu mmoja. Hatimaye daktari akamwambia ayataje tena yale maneno ya mwanzo.

Greda alitabasamu, kwa kuwa hili alikuwa amelifanyia mazoezi. “Ndoo,” alisema. “Tausi. Msumari. Barua.” Akafikiri. “Na tunda.”

Daktari aliandika kitu. Mke wa Greda alijibana mkono wa kulia kwa wa kushoto asipige kelele.

“Alama ishirini kati ya thelathini,” daktari alisema baada ya kujumlisha. “Si nyingi. Lakini kipimo hiki hakimlinganishi mtu na jirani yake, kinamlinganisha na yeye mwenyewe.” Akafungua jalada, akageuza karatasi zilizoanza kuwa za njano. “Mwanzo wa msimu wako wa mwisho ulipata ishirini na moja. Mwaka uliotangulia, ishirini na moja. Ndivyo ulivyo. Kushuka alama moja kwa miaka kumi na mitano ni bahati, Kocha, hasa kwa shingo iliyofanya kazi ile.”

“Na angekuwa ameshuka sana?” aliuliza mkewe.

“Asingesafiri. Ningempeleka kliniki ya ubongo wiki hii hii. Ukiwahi, mama, kuna dawa na mazoezi ya kuupunguza mwendo ugonjwa. Ukichelewa, hakuna la maana.” Akasimama. “Nafuata mhuri kwa katibu.”

Greda alijinyoosha kitini, jasho limemtoka, amefurahi. Mkewe hakufurahi. Ishirini na moja. Namba ile ilikuwa imekaa vibaya, kama shati lililofungwa vifungo kwa kuruka kimoja. Alitoka akaenda ukumbini, akamkuta Winga anasoma majina kwenye vikombe.

“Mlikuwa mnapimwa hivi zamani?”

“Kila mwanzo wa msimu.”

“Wewe ulikuwa unapata ngapi?”

Winga akacheka. “Kumi na tisa, ishirini hivi. Shemeji, sote tulikuwa tunafeli. Si unajua ilikuwaje? Ukigongwa kichwa uwanjani wanakupima tena, na alama zikishuka unakaa nje wiki tatu, na nafasi yako anaichukua mwingine. Sasa sisi wajinga? Tulifeli mapema. Ukianza chini, hata ugongwe na lori hushuki. Mumeo ndiye aliyekuwa fundi. Alijua maneno ya kutaja na ya kuacha, kila mwaka anapata ishirini na moja ile ile. Sisi wengine tulijifunza kwake.” Kicheko kikaanza kumwisha katikati. “Kwani leo kapata ngapi?”

“Ishirini.”

Winga alitazama mlango wa daktari. Hakuwa mjinga, na kwa wiki nne alikuwa amekaa na papai mwenyewe. “Si amefaulu?” alisema kwa sauti ndogo.

“Kwa kulinganishwa na uongo wenu.”

“Shemeji, mwache aende. Miaka kumi na mitano anasubiri hii. Wiki saba tu. Nitampigia kila siku nimkumbushe mambo.”

“Utampigia akiwa amepotea kwenye njia panda ya mji asioujua? Au wakati ameinama kuwaonyesha vijana, anatia kichwa kwenye skramu tena?” Akamnyooshea kidole. “Mficha maradhi kifo humuumbua. Nyie mmeyaficha kabla hayajaja.”

Akageuka; Winga akamfuata mpaka mlangoni.

Aliporudi ndani, daktari alikuwa anaufungua mhuri. Mke wa Greda aliuona, na aliona vilevile uso wa mumewe, msafi, wenye tabasamu la kijana aliyetajwa kwenye kikosi kwa mara ya kwanza. Akisema, tabasamu lile litakufa, na muuaji atakuwa yeye. Akinyamaza, wataondoka hapa wakicheka, na kliniki itamsubiri mpaka isiwe na kazi naye. Alimchukia Winga, akamchukia na huyu bingwa wa ishirini na moja, na chini ya chuki yote alimpenda sana, jambo ambalo hakuwa amelisema kwa muda mrefu.

“Daktari, usigonge.”

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi rudi, mara skramu, mara meza ya pasi na maneno hamsini. Winga alikuwa amesimama mlangoni; alipotazamwa, aliinamisha kichwa kukubali.

Daktari aliuweka mhuri chini. “Hiyo ni habari ya rafiki na ya mke. Siwezi kufuta jalada la chama kwa habari. Kocha, wewe ndiwe uliyefanya kipimo. Ni kweli ulifeli makusudi?”

Alimtazama Winga, akaitazama ile karatasi ya njano, akamtazama mkewe.

“Sikumbuki,” alisema.

Mkewe aliinuka nusu kitini. Uongo wa mume huyu aliujua. Ulikuwa na dalili zake, sikio la kushoto kusogea, ulimi kugusa meno. Aliutafuta usoni mwake kwa bidii zote za miaka ishirini na miwili, akimwomba Mungu aupate, aone kwamba mtu mzima huyu anadanganya ili asafiri. Sikio halikusogea. Uso ulikuwa mtupu kama shati lililotoka kwenye pasi.

“Nilipoona hapo ishirini na moja,” Greda aliendelea, taratibu, “nilifurahi. Nilikuwa na wasiwasi siku hizi. Nikasema, kumbe ndivyo nilivyokuwa tangu zamani. Kumbe si kitu.” Akamgeukia mkewe. “Nilikuwa na akili?”

“Ulikuwa nayo.”

“Sana?”

“Sana.”

Greda alifikiri, viganja vyake vipana vimekaa juu ya magoti. Kisha akamwambia daktari, “Huyu mwanamke ananishuku tangu siku ya harusi. Nikichelewa, nimekosa. Nikiwahi, nina la kuficha. Kunisifu hajanisifu hata mara moja. Kama leo anasema nilikuwa na akili, andika.”

“Ukikubali hivyo, husafiri, Kocha. Unaelewa?”

“Naelewa. Andika upesi, kabla sijasahau kwamba nimeelewa.”

Winga alirudi ukumbini. Daktari aliufungia mhuri kwenye droo, akakata ile ishirini na moja kwa mstari mmoja, akabaki ameshika kalamu. “Nahitaji kuandika makisio, mama. Kwa haki kabisa, zamani zile angepata ngapi?”

“Thelathini,” alisema mke wa Greda.

Mumewe aligeuka kumtazama, amefurahi kweli kweli, kama mtu aliyeletewa habari njema za mtu mwingine. “Thelathini?”

“Zote,” alisema, na akaanza kulia.